Kiti Changu Chini ya Roshani

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua za mwaka zimeanza leo wakati wa chai, nami nimezipokea nikiwa sinema, pakavu. Picha ni ya mpelelezi aliyepoteza kumbukumbu. Anamsaka muuaji mji mzima, kumbe muuaji ni yeye mwenyewe. Nilimnong'oneza Kunjammal kabla hata ya mapumziko, akanuna.

"Dada Visalam, tiketi ya kwako umelipa wewe, ya kwangu nimelipa mimi. Niache nidanganyike kwa raha zangu."

Kunjammal ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Tunakwenda Thenmozhi Talkies kila Ijumaa tangu enzi waume zetu walipokuwa hai na hawataki kutupeleka. Sasa sote wajane, hatuna wa kumwomba ruhusa. Tunakaa nyuma kabisa, chini ya roshani, kwa kuwa macho yangu huona vizuri kwa mbali tu, na kwa kuwa feni ya pale bado inazunguka. Juu ya vichwa vyetu, roshanini, ni himaya ya vijana. Wanapiga miluzi, wanamwaga vikaratasi, wanaruka. Mkubwa wao ni mwanangu Ilango, mwenye miaka ishirini na saba na kazi nzuri ya kutengeneza simu, ambaye hajaona aibu hata siku moja.

Picha yenyewe mwanzo mtamu, katikati maji ya mchele, mwisho kelele. Mwigizaji wa kike hakupewa kazi ila kulia dirishani.

Ijumaa, 25 Oktoba

Picha ya mapenzi. Nililala. Mvua.

Alhamisi, 31 Oktoba. Deepavali

Mafuta kichwani alfajiri, sari mpya, peremende, fataki zilizolowa. Mchana wamerudisha picha ya zamani ya Singaraj, nyota ambaye vijana wa roshani wamemuundia chama cha mashabiki, ili kupasha moto mioyo kabla ya picha yake mpya itakayotoka Pongal, sikukuu ya mavuno ya Januari. Nimeiona mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kumkumbusha maneno akisahau. Lakini hakuna anayekwenda kusikiliza maneno. Watu wanakwenda kwa ajili ya ule mwanzo: kwanza kinaonekana kiatu, kisha mkono, kisha mgongo, na uso unacheleweshwa hadi watu washindwe kuvumilia. Kiatu kilipotokea, roshani nzima ilisimama. Uso ulipogeuka, wakaruka. Ilango ndiye alikuwa anahesabu mapigo, nilimsikia.

Vikaratasi vilitumwagikia kama kawaida. Nyumbani nilipochana nywele nikakuta vingine si karatasi. Nikavilowesha kidoleni vikawa uji. Chokaa. Na ndani yake kipande chembamba cha chuma chenye kutu.

Ijumaa, 8 Novemba

Picha ya mizimu. Nyumba ya kale, mlango unaofunguka wenyewe, msichana aliyefunikwa na nywele usoni. Kunjammal alining'ang'ania mkono hadi kucha zikaacha alama. Mimi niliuona uzi unaovuta ule mlango. Picha za kutisha hazinitishi. Mimi naogopa radi, mijusi, madaktari na kuchekwa, na kuchekwa ndiko naogopa kuliko yote.

Wakati wa mapumziko taa ziliwashwa, nikainua uso. Kwenye tumbo la roshani, juu ya kiti changu, pana ufa. Umeanzia ukutani, umepita karibu na feni, na pembeni yake maji yamechora madoa ya rangi ya chai. Dari pale ni ya chini, basi nikainua mwavuli nikaugusa ufa kwa ncha. Sikusukuma. Ncha ikaingia yenyewe, na vumbi jekundu likanimwagikia mkononi.

"Unafanya nini, wewe?" akauliza Kunjammal.

"Napima."

"Kapime nguo kwa fundi. Kaa, bisi zinapoa."

Nusu ya pili sikuiona. Kunjammal ananiambia msichana alikuwa hai muda wote.

Jumamosi, 9 Novemba

Nilimwambia Ilango wakati nikigeuza dosai kikaangoni.

"Mama, jengo lile lina umri kukuzidi wewe na bado limesimama."

"Mimi mwenyewe magoti yamekwisha. Na lenyewe je?"

Akacheka mdomo umejaa. "Wewe juzi ulimkimbia mjusi ukaacha maziwa yakachemka hadi yakazima jiko."

Hilo ni kweli. Kisha akasema Pongal wataleta ngoma kutoka vijiji vya ng'ambo ya mfereji, wazipandishe zote roshanini, mji ujue nani mfalme. "Wewe njoo na pamba za masikio, Mama. Kaka Singaraj akigeuza uso tu, tutaling'oa paa."

Dosai iliungua. Niliila mwenyewe ili asiione.

Jumatano, 13 Novemba

Nimekwenda kwa Nachiappan mwenye sinema. Alikuwa kwenye kibanda cha tiketi na chupa yake ya kahawa, akanimiminia bila kuniuliza, maana ni mtu mwenye adabu. Nikamweleza kuhusu ufa, vumbi na ngoma.

"Mama Visalam," akasema, "babu yangu alipojenga hapa alichanganya chokaa na mayai na sukari guru. Siku hizi nani anajenga hivyo?"

"Basi hiyo ni keki, si jengo. Na keki ikilowa mvua unajua inavyokuwa."

Alicheka, lakini macho hayakucheka. Akaniambia akifunga roshani kabla ya Pongal, picha ya Singaraj itapewa jumba la upande wa stendi. Akiikosa hiyo, atauza jengo kwa bwana mmoja anayetaka kujenga ukumbi wa harusi. "Baada ya Pongal nitaleta mafundi. Naapa kwa mama yangu."

Nilitaka kumchukia nikashindwa. Niliondoka naogopa zaidi kuliko nilivyokuja, kwa sababu sasa najua kwamba na yeye anajua.

Ijumaa, 15 Novemba

Ufa umetibiwa! Wamebandika bango la Singaraj juu yake, uso peke yake, mkubwa, miwani na masharubu. Kwa miaka yote mimi ndiye nilikuwa namtazama yeye. Leo yeye ananitazama mimi. Picha ilihusu ndugu wawili na shamba la minazi. Mdogo amecheza vizuri.

Ijumaa, 22 Novemba

Picha ya vichekesho. Watu walicheka, na kila walipopiga miguu chini kwa kicheko nilifumba macho. Bango limechanika kidevuni, mchaniko mfupi tu. Kunjammal anasema ni gundi mbaya.

Jumamosi, 30 Novemba

Kimbunga. Hakuna picha, hakuna umeme, hakuna barabara. Nitaandika yote kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Asubuhi mfereji ulifurika ukaingia nyumba za upande wa bondeni. Ilango na vijana wake walikwenda na kamba na mapipa matupu wakatoa watu. Niliwaona wakipita na kikongwe amekalishwa juu ya kiti cha plastiki, amebebwa na wanne, huku akiwatukana kwamba wanamtikisa. Ilango alikuwa mbele, maji kifuani, anamjibu, "Tukana tu, bibi, ndiyo tunajua uko hai." Miaka yote nimemwona mwanangu mtu wa miluzi. Leo nimemwona mtu ambaye watu wanamfuata.

Watu wakapelekwa Thenmozhi, kwa kuwa iko kwenye kilima. Nilipofika na sufuria ya wali nikakuta wote wamelazwa nyuma, chini ya roshani. Watoto, wagonjwa, kikongwe yule na kiti chake. Mbele paa lilikuwa linavuja, ndiyo maana. Maji yalikuwa yanatiririka ukutani, na mchaniko wa bango umefika mdomoni, mdomo wa Singaraj umegawanyika.

Nikamshika Ilango mkono mbele ya wenzake. "Waondoe hapa."

"Mama, mbele kunavuja."

"Waloe. Aliyeloa hukauka."

Vijana wakaanza kucheka. Lakini Ilango aliinua uso. Alilitazama bango kwa muda mrefu, kisha akautazama ukuta. Sikuwahi kuuona uso wake namna ile tangu siku tulipomzika baba yake. Akageuka akatangaza kwa sauti kubwa kwamba vyoo vya hapa haviwatoshi watu, wote wahamie shuleni. Vyoo! Wakahama. Alipopita karibu nami na mtoto begani hakunitazama.

Anajua. Sasa tuko watatu tunaojua, na hakuna anayesema.

Jumatano, 4 Desemba

Nimekwenda ofisi ya mji. Bwana mmoja akaja kukagua, akasimama mlangoni na mwavuli wake wazi kana kwamba mvua inanyesha ndani, akalitazama bango na kusema picha itakuwa nzuri sana. Akanywa kahawa ya Nachiappan akaenda zake.

Ijumaa, 13 Desemba. Sikukuu ya taa za mwezi mpevu

Kwa heshima ya sikukuu wameleta picha ya zamani ya Mama Mariamma, mungu wetu wa kike anayeleta mvua na ndui na kuviondoa. Wanawake walivua ndala mlangoni kama hekaluni. Nachiappan aliwasha kafuri kwenye sinia mbele ya skrini. Picha imechakaa, sauti inakwaruza, yule Mama ana taji la bati, na bado nywele zilinisisimka.

Kila inapoonyeshwa picha hii Kunjammal hupandwa na Mama. Yale macho ya Mama yanapojaa skrini, yeye hupandisha. Tangu zamani nimekuwa nikisema moyoni kwamba anaigiza kuliko waliolipwa. Leo nilikuwa karibu naye mno kuweza kusema hivyo. Mwili wake ulianza kutetemeka kabla hajasimama, kupitia kiti hadi kwenye kiti changu. Akafungua nywele. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mtu anayeamka.

Na hapa ndipo nilipoona kitu ambacho nimekitazama miaka mingi bila kukiona. Picha ilisimamishwa. Vijana wote wa roshanini, wale wasiomsikiliza baba wala polisi, waliteremka ngazi kimya wakapanga mstari na kuinamisha vichwa. Mmoja alitoka mbio kutafuta majani ya mwarobaini. Ilango akapiga magoti mbele ya Kunjammal, mwanamke ambaye jana tu alikuwa akimtania kwa meno yake, akauliza kwa heshima, "Mama, umekuja na neno gani?"

"Nina kiu," akasema.

Wakamletea maji yaliyotiwa bizari ya manjano, akanywa, akaanguka mapajani mwangu. Alikuwa mwepesi. Nilimshikilia huku natazama juu, na mchaniko umefika puani.

Jumamosi, 14 Desemba

Nilimpelekea kahawa. Nilizunguka maneno hadi kahawa ikapoa, mwisho nikasema. Asubuhi ya Pongal, kabla uso wa Singaraj haujageuka, Mama ampande, awaamuru vijana washuke. Basi tu.

Kunjammal aliweka kikombe chini. "Unataka nimwagize Mama kama soda?"

"Watu watakufa, Kunju."

"Kawaambie."

"Nimewaambia. Wananicheka."

"Basi chekwa. Mimi sijui anakujaje, dada. Sijui hata nikipandwa nasema nini, huwa nasimuliwa na nyinyi. Na wanaoigiza..." Akashika ulimi wake kwa vidole viwili, akauachia. "Mwanamke wa mtaa wa wafinyanzi aliigiza ili mkwewe ampe chumba cha mbele. Sisi tulikuwa watoto. Siku ya pili Mama alikuja kweli, na hakutoka tena. Alikufa nywele ziko wazi."

Nikamwambia hizo ni hadithi. Akasema ndiyo, ni hadithi, na je, kahawa nyingine ipo?

Ijumaa, 20 Desemba

Picha ya polisi. Risasi nyingi. Kila risasi vumbi.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimetazama nimesimama mlangoni. Kunjammal alikaa kiti chetu peke yake ili kunionyesha kwamba hakuna kitu. Picha ilihusu nini sijui. Nilikuwa nautazama utosi wake.

Ijumaa, 3 Januari

Mvua zimekatika. Watu wanasema, haya, sasa jengo litakauka. Mimi nafikiri chokaa ikikauka ndiyo inaachia.

Leo nimemfuata Ilango dukani kwake. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, bisibisi mkononi.

"Uliuona ufa siku ya kimbunga," nikamwambia. "Usinifanye mjinga."

Alisubiri mteja atoke. "Niliuona, Mama."

"Basi wakataze."

"Nikiwakataza, watanitoa jioni ile ile, wataweka mwingine, na huyo ataruka mara mbili ili aonyeshe yeye si mwoga. Mimi nikiwepo angalau nitawapunguza. Nitasimama ukingoni, niwazuie wasibanane mbele."

"Ukingoni!"

"Ndiyo kazi ya mkubwa, Mama."

Kwa hiyo huo ndio mpango wake: roshani itakapoanguka, awe wa kwanza. Nilimwambia alivyo mpumbavu kwa maneno ambayo sitayaandika. Akanisindikiza hadi kona amenishika kiwiko, akanunua maua ya asumini akanichomekea nyweleni kama nilivyokuwa nikimfanyia dadake alipokuwa mtoto. Nililia njia nzima.

Jumapili, 12 Januari

Nyumba imepakwa chokaa, chungu kipya kimenunuliwa, miwa imeegemezwa mlangoni. Nimechuma mwarobaini nikauficha kwenye mkoba chini ya leso. Siwezi kula. Ningeomba, lakini sijui nimwombe nani, kwani ninayetaka kumwigiza ndiye ningemwomba.

Jumanne, 14 Januari. Pongal

Nitaandika ninachokumbuka.

Onyesho la kwanza lilikuwa saa tatu asubuhi. Langoni walikuwa wamesimamisha sanamu la mbao la Singaraj refu kupita nguzo ya umeme, na vijana wako juu ya ngazi wanalimwagia maziwa. Ngoma zilikuwa zimeanza barabarani. Kunjammal hakuja, alisema tumbo linamuuma. Niliingia peke yangu. Viti vya chini vilijaa familia, watoto mapajani, wengine wamekaa ngazini. Kwenye kiti changu alikaa msichana mjamzito, anakula dengu. Juu yake mchaniko umefika kwenye nyusi, uso wa Singaraj ni vipande viwili.

Nilipanda roshanini. Wanawake hawapandi kule siku ya kwanza. "Mama wa mkubwa wetu huyo, mpisheni!" wakapiga kelele, mtu akanivisha kitambaa cha chama shingoni. Ngoma zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta. Sakafu ilikuwa inahema chini ya nyayo zangu, nayo picha haijaanza. Ilango alikuwa ukingoni, mgongo kwa skrini, mikono ameitanua.

Nilikuwa nimepanga kupandwa taa zikizimwa. Taa zikazimwa nikashindwa. Nilifikiri: watanicheka. Naandika hilo kwa kuwa ndio ukweli, kwamba watu walikuwa wamekalia kifo na mimi naogopa kuchekwa. Majina yakapita. Muziki ukaanza, wimbi la sauti likaja kutoka chini. Kiatu.

Wote wakasimama. Sakafu ikashuka. Si kwamba ilitikisika, ilishuka, kidogo, kama kitanda mtu anapokaa. Niliutazama uso wa mwanangu katika mwanga wa skrini nikaona na yeye ameisikia. Mkono ukaonekana. Mgongo. Ngoma zikainuliwa.

Nikafungua nywele.

Nilikuwa nimepanga maneno mawili tu. La kwanza nililisema, na sauti haikuwa ile niliyojifunza jikoni. "Nani anacheza juu ya kichwa changu?"

Ngoma ya kwanza ikanyamaza, kisha zote. La pili: "Shukeni! Wote wa juu na wa nyuma, njooni mbele, miguuni pangu!" Nilikuwa na majani ya mwarobaini mkononi, sikumbuki kuyatoa. Ilango alipiga magoti pale pale ukingoni, akaunganisha viganja. Sijui aliamini au alielewa. Akapaza sauti, "Mama amekuja! Shukeni polepole, mmoja mmoja, msikanyage kwa nguvu, Mama yuko hapa!"

Walishuka mmoja mmoja. Ile ngazi sikumbuki niliishukaje. Nakumbuka watu wakiacha viti vya nyuma, yule mjamzito akiwa ameshikwa mikono. Nakumbuka kafuri. Baada ya hapo nakumbuka nimekaa chini mbele ya skrini, nguo yangu imelowa maji ya manjano, nyuma yangu uso wa Singaraj umesimama mkubwa, ameshageuka, na hakuna anayemtazama.

Baadaye waliendelea na picha. Walicheza mbele, sakafu ya zege, ngoma zote. Nyuma hakukaa mtu. Nachiappan mwenyewe alifunga ngazi ya roshani kwa kamba ya majani ya mwarobaini huku analia. Picha nzuri kuliko nilivyotegemea, ingawa ndefu.

Roshani haikuanguka. Nimerudi nyumbani nikaupika wali wa sikukuu, na ulipofurika chunguni hakuna aliyekumbuka kushangilia kama ilivyo desturi ila mimi.

Jumatano, 15 Januari

Haikuanguka leo pia. Nimeanza kuona haya. Watu wanaponipita wanavua ndala.

Alhamisi, 16 Januari

Imeanguka. Mchana, kati ya maonyesho mawili. Ilishuka yote, na viti na bango. Mfagiaji alikuwa ametoka kununua chai. Hakuumia mtu. Vumbi lilionekana hadi kwetu.

Ilango alikwenda mbio akarudi anatembea. Aliketi kizingitini akaweka kichwa magotini pangu, mtu mzima na ndevu zake, akatetemeka hadi alipochoka. Nilimpapasa nywele. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, naiandika ili niikumbuke.

Ijumaa, 17 Januari

Hakuna sinema leo. Ni Ijumaa ya kwanza.

Tangu alfajiri watu wapo mlangoni na ndimu na nazi. Mwanamke mmoja kaleta mtoto mwenye homa, ananiomba nimguse. Nilitoka nikasema wazi: Mimi niliigiza. Nilikuwa naogopa roshani, nikaigiza. Walinitazama kwa upole kama mtu anayetazama mgonjwa, na hawakuondoka.

Nikamwita Ilango ndani. "Waambie wewe. Wewe unajua niliigiza. Maneno mawili, basi."

Akafunga mlango wa jikoni. "Mama, ulisema mengi."

"Nilisema mawili."

"Uliposhuka ngazi Nachiappan alikuuliza, Mama, jengo langu litaanguka leo? Ukacheka. Wote walisikia. Ukasema, 'Si leo. Keshokutwa, mchana, mfagiaji akienda kunywa chai.'"

Nilimwambia ananitania. Nilimtazama, na ni mwanangu, namjua anapotania.

Kunjammal aliruka ukuta wa nyuma akaja kukaa nami. Alichukua kitana na mafuta akanisuka, akavuta hadi ngozi ya uso ikauma, akafunga kwa uzi, kisha kwa uzi mwingine. Nje mtoto analia, mama yake ananiita kwa jina ambalo si langu. Mvua imeanza tena, na msimu wake umeshapita. Ilango ananiambia nilale kidogo. Sitaki kulala. Naogopa nikilala nywele zitafunguka.